Maswali ya Wasomaji: Pro Street Huanzia Matairi ya Nyuma

Barua za safari hii karibu zote zinahusu magari ya Pro Street. Kwa asiyelijua jina hilo: ni gari la barabarani, lenye namba za usajili, lililojengwa kwa mifupa na sura ya gari la mbio za drag, zile za magari mawili kushindana mstari mmoja ulionyooka wa robo maili, yaani mita 402. Utalitambua kwa nyuma. Matairi ni mapana kupita kiasi, na yamekaa yote ndani ya bodi bila kuchungulia nje ya madigadi. Mtindo huu ni wa Marekani, na mafundi wake walio wengi wako huko, ila maswali yametufikia kutoka pande zote.

SWALI: Nina Chevrolet Nova ya 1970 na ekseli ya Ford ya inchi 9 (hicho ni kipenyo cha krauni, gia kubwa ya ndani ya difu) niliyoitoa kwenye pikapu. Nataka kuweka matairi ya 33x21.50-15, yaani kipenyo inchi 33, upana inchi 21.5, rimu ya inchi 15. Niifupishe ekseli kwa kiasi gani? (Msomaji, Columbus, Ohio)

JIBU: Usikate ekseli bado, ndugu yetu. Nunua kwanza matairi na rimu zenyewe, uyavalishe, uyajaze upepo. Kipimo cha katalogi na kipimo cha tairi lililojazwa juu ya rimu yako havilingani, kwa sababu rimu pana huyatanua mashavu ya tairi. Watu wengi wamefupisha ekseli kwa kufuata karatasi, halafu tairi likaja kula ukingo wa madigadi.

Weka gari kwenye stendi juu ya sakafu iliyo sawa, bodi ikiwa kwenye urefu uleule utakaoendeshea. Kabla msumeno haujagusa sakafu ya nyuma, chomelea mabomba ya kushikilia kati ya nguzo za milango, kulia kwenda kushoto na mshazari. Nova haina chasisi kamili upande wa nyuma. Sakafu ndiyo inayoibeba bodi. Ukiikata bila kuishikilia, bodi hujikunja milimita chache tu na milango haitafunga tena vizuri.

Sasa hesabu. Pima ndani ya ukingo wa madigadi ya kushoto hadi ya kulia. Tuseme umepata mm 1,760. Tairi lako lina upana wa karibu mm 550. Acha mm 25 nje kila upande. Nafasi inayobaki kati ya matairi mawili ni 1,760 toa mara mbili ya 575, sawa na mm 610. Ndani ya mm 610 hizo lazima zipite reli za chasisi, ukiacha walau mm 40 kutoka kila tairi. Kwa hiyo reli zako, nje hadi nje, hazitazidi mm 530. Reli za kiwandani ziko mbali zaidi ya hapo, ndiyo maana matairi haya hayaingii kwa kuvuta madigadi peke yake. Inabidi ukate reli za nyuma uzitoe kabisa na ujenge mpya kwa bomba la mraba la mm 50 kwa 75, unene wa mm 3, likipanda juu ya ekseli kama daraja.

Reli zikishakaa, ingiza matairi mahali pake, uyasimamishe wima na sambamba, kisha pima kati ya sura mbili za rimu zinazogusana na habu. Toa unene wa diski au ngoma ya breki unaobanwa kati ya rimu na habu, ambao mara nyingi ni kama mm 2.5 kila upande. Namba iliyobaki ndiyo urefu wa ekseli yako, habu hadi habu. Pima mara tatu, siku mbili tofauti.

Juu ya tairi acha mm 50 wakati springi imebanwa mwisho. Matairi ya nyuzi za mshazari hukua kipenyo yakizunguka kwa kasi, na tairi lililokuwa likipita vizuri gereji litakwaruza bati likifika kasi ya mashindano. Mabeseni yenyewe, yaani zile madigadi za ndani, tengeneza kwa bati la chuma la mm 1. Wapo wanaotumia alumini nyembamba ili kupunguza uzito. Kwa gari la barabarani hatuishauri: mawe huitoboa, na kelele zake zinachosha.

Hafshafti za zamani, zile shafti mbili za ndani ya ekseli zinazozungusha magurudumu, usizifupishe. Za pikapu nyingi zina meno 28, na baada ya meno shafti hupungua unene. Ukiikata katikati hakuna nyama ya kutosha kuchonga meno mapya, na ule ugumu uliopikwa kiwandani utakuwa umeutupa. Agiza mpya za meno 31, au 35 kama injini ina blowa, ile pampu ya kuisukumia injini hewa. Ncha ya ndani ya shafti ibaki na nafasi ya mm 3 hadi 6 kabla ya kugusa pini ya katikati ya difu. Na kumbuka pinioni ya inchi 9, ile gia ndogo inayoizungusha krauni, haiko katikati kamili, imesogea upande wa kulia, kwa hiyo hafshafti mbili huenda zisilingane urefu. Mpe mchongaji vipimo vya kila upande peke yake.

Kuchomelea ncha mpya za nyumba ya ekseli ndipo kazi nzuri huharibika. Joto huvuta bomba. Pitisha chuma kirefu kilichonyooka katikati ya viti vya beringi, kuanzia difu hadi ncha zote mbili, kikiwa na visahani vilivyochongwa kukikalisha sawasawa. Chomelea sm 3 hivi, hamia upande wa pili wa duara, ngoja ipoe, endelea. Kila ukimaliza hatua, jaribu kukizungusha kile chuma kwa mkono. Kikikwama, bomba limepinda, nawe bado una nafasi ya kulirudisha kwa kupasha joto upande ulio kinyume. Anayepuuza hatua hii atanunua beringi na sili za mafuta kila baada ya miezi michache.

Mwisho ni pembe ya pinioni. Gia boksi ikiinama nyuma digrii 3, pinioni iangalie juu digrii 3, kasoro digrii 1 au 2, maana ukikanyaga mafuta pua ya difu hupanda yenyewe na kuziba pengo hilo. Pembe ikikosewa, gari litatetemeka ukiongeza mwendo na krosi za propela shafti zitakufa mapema.

SWALI: Mikono minne au mikono ya ngazi kwa kushikilia ekseli hiyo? (Msomaji huyohuyo)

JIBU: Minne, yaani miwili iliyotengana kila upande. Mkono wa ngazi umefungwa kwenye ekseli sehemu mbili, juu na chini, na kwenye chasisi sehemu moja. Ukipanda tuta kwa gurudumu moja, ekseli yenyewe inalazimika kujisokota. Kwenye uwanja wa mbio hakuna matuta, barabarani yapo. Hata mikono minne hubana kidogo bodi ikilala kwenye kona, ila si kwa kiasi hicho. Weka bushi za yurithani upande wa chasisi badala ya mipira ya chuma pande zote mbili, maana vumbi na mchanga huilegeza ile ya chuma upesi na utaanza kusikia kugongagonga nyuma. Ongeza na mkono wa mshazari wa kuzuia ekseli isitembee kulia na kushoto. Bila huo, kazi yote ya mm 25 tuliyoieleza imepotea.

SWALI: Nimefunga difu yenye spuli. Nikikata kona matairi yanalia, na wiki iliyopita hafshafti ya kushoto ilikatika nikiwa naingia kituo cha mafuta, mwendo wa mtu anayetembea. Kuna kasoro gani? (Msomaji, Minneapolis)

JIBU: Hakuna kasoro ya ufungaji. Spuli imefanya kazi yake, ambayo ni kuziunganisha hafshafti mbili ziwe kama chuma kimoja. Kwenye mstari ulionyooka ndilo jambo unalolitaka. Kwenye kona ya digrii 90, ikiwa vituo vya matairi yako vimeachana mita 1.16, gurudumu la nje linatakiwa kwenda karibu mita 1.8 zaidi ya la ndani. Spuli hailiruhusu. Basi tairi moja lazima liteleze, na kwa upana huo wa mpira kwenye lami kavu halitelezi kirahisi, shafti hujisokota kwanza. Kila kona ni msokoto mmoja. Chuma hukumbuka, na siku ya kukatika haichagui mwendo.

Toa spuli, weka difu ya aina ya Detroit Locker. Ukikanyaga inafunga magurudumu yote mawili. Ukikata kona bila kukanyaga inaliachia la nje lizunguke zaidi. Utasikia vijimlio vya tik-tik kwenye maegesho, ni kawaida yake. Hafshafti nayo badilisha zote mbili, hata hiyo iliyobaki nzima. Imepita njia ileile ya mwenzake.

Ukiwa umeshafungua, tazama uwiano wa krauni na pinioni. Mzunguko wa injini kwa dakika ni kasi ya kilomita kwa saa, mara uwiano, mara 5.3 ikizidishwa tena kwa gia uliyomo, gawanya kwa kipenyo cha tairi kwa mita. Kwa tairi la sm 84 na uwiano wa 4.56 bila gia ya mwendo kasi, kilomita 100 kwa saa ni mizunguko kama 2,880. Kwa 3.70 inashuka hadi 2,340 hivi. Kama safari zako ni za barabara kuu, 3.70 itakufaa zaidi.

SWALI: Injini yangu ni Chevrolet ya lita 5.7, mgandamizo 9.5 kwa 1, blowa ya 6-71 yenye puli za meno sawa juu na chini, kabureta mbili. Geji inasoma shinikizo la bar 0.7. Natumia petroli ya 98. Nikikanyaga inagonga, na kwenye foleni inachemka. (Msomaji, Dubai)

JIBU: Ndugu, acha kuikanyaga injini hiyo leo hii, hadi umalize kusoma jibu. Kugonga, yaani petroli kulipuka ovyo badala ya kuungua kwa mpangilio, kunavunja kingo za pistoni kati ya ringi, na hakutoi onyo la pili.

Chukua mgandamizo wa injini, zidisha kwa moja jumlisha shinikizo la bar. Kwako ni 9.5 mara 1.7, zaidi ya 16. Kwa petroli ya kituoni, hata hiyo 98, watu wa blowa hujaribu wasizidi 12. Una njia mbili. Ya kwanza ni puli: punguza mwendo wa blowa hadi geji isome bar 0.25, upate 11.9. Puli ya chini ikiwa na meno 54 na ya juu 60, blowa huzunguka asilimia 10 polepole kuliko krankishafti. Wewe utahitaji kushuka zaidi ya hapo. Ya pili, ambayo ndiyo tungeichagua, ni pistoni zenye shimo juu zinazokupa 8 kwa 1. Hapo bar 0.5 inakuletea 12 kamili, na nguvu utakayopata inazidi ile ya njia ya kwanza.

Kumbuka pia asili ya kifaa chenyewe. 6-71 ilitengenezwa kwa ajili ya injini za dizeli za Detroit Diesel za mipigo miwili, silinda 6, kila moja inchi za ujazo 71. Kazi yake huko ilikuwa kusukuma hewa mpya ifukuze moshi. Haigandamizi hewa ndani yake, inaisogeza tu na kuilundika kwenye manifoldi, na njia hiyo huipasha hewa moto sana. Kiangazi cha Ghuba kikiongezwa juu yake, hesabu ya 12 ichukulie kuwa ndio mwisho.

Halafu angalia kabureta. Chini ya kabureta, juu ya blowa, mvuto wa hewa unabaki hata pale manifoldi ina shinikizo. Vali ya nguvu ya kabureta inausoma mvuto huo, inadhani unaendesha taratibu, haifunguki, na injini inakosa petroli wakati ule inapoihitaji zaidi. Kabureta za blowa zina mfereji wa vali hiyo uliotengwa, unaounganishwa kwa mpira mwembamba na manifoldi iliyo chini ya blowa. Kama zako ni za kawaida, huenda ndiyo sababu kubwa ya kugonga kuliko hata mgandamizo.

Taimingi, yaani cheche ya plagi itangulie kiasi gani: jumla isizidi digrii 30, na plagi ziwe baridi hatua mbili kuliko za kiwandani, mwanya mm 0.8. Ila usiirudishe nyuma taimingi ya mwanzo. Wengi wakisikia kugonga hurudisha yote, injini ikiwa sailensa, yaani inazunguka bila kukanyagwa, petroli inaendelea kuungua wakati moshi umeshaanza kutoka, na joto lote linaingia kwenye hedi na rejeta. Foleni inachemsha kwa sababu hiyo mara nyingi kuliko kwa rejeta ndogo. Acha digrii 15 hadi 18 kwenye sailensa, kisha ifike 30 kufikia mizunguko 2,500. Feni ziwe na kava linalofunika rejeta nzima. Feni iliyobandikwa bila kava inapoza duara lake tu.

Mambo mawili ambayo hukuuliza. Puli ya chini ifungwe na funguo mbili kwenye krankishafti, kwa sababu mkanda wa blowa unavuta kwa nguvu ya kukata ufunguo mmoja. Na mkanda ukiwa baridi uweze kuupinda kama mm 15 kwa kidole. Blowa ni alumini, ikipata moto inakua na kuukaza yenyewe. Ukiukaza baridi, beringi za mbele za blowa ndizo zitakazolipa.

SWALI: Nani aliuanzisha mtindo huu? (Msomaji, Dar es Salaam)

JIBU: Mwaka 1970 chama cha NHRA, kinachosimamia mbio za drag Marekani, kilichoanzishwa na Wally Parks mwaka 1951, kilifungua daraja la Pro Stock: magari yenye sura ya yale ya dukani lakini yaliyojengwa kwa mbio tupu. Vijana waliokuwa wakiyatazama wakataka la kuendesha nyumbani. Mwishoni mwa miaka ya 1970 Scott Sullivan wa Ohio alijenga Nova ya 1967 ambayo wengi wanaitaja kuwa ndiyo iliyouweka mtindo sawasawa: safi, tulivu, matairi makubwa nyuma. Miaka ya 1980 mashindano ya kuonekana yakazidi. Rick Dobbertin aliijaza Pontiac J2000 turbo mbili pamoja na blowa. Magari yakawa ya ajabu, na mengi yakaishia kubebwa juu ya trela.

Kwetu sisi gari lisiloweza kwenda sokoni na kurudi limeacha nusu ya jina lake, ile ya Street. Ndiyo maana tunafurahia sana Drag Week iliyoanzishwa na jarida la Hot Rod mwaka 2005: wiki moja, uwanja mpya karibu kila siku, na kati ya uwanja na uwanja unaendesha gari lilelile ulilokimbiza, jumla ya kilomita kama 1,600, bila trela.

SWALI: Huku ekseli za Ford hazipatikani na matairi hayo ni ndoto. Naweza kujenga Pro Street ndogo kwa pikapu ya Toyota Hilux ya zamani? (Msomaji, Mombasa)

JIBU: Unaweza, tena una bahati usiyoijua. Difu ya Hilux ya inchi 8 inafanana kwa muundo na ile ya Ford: kichwa chake chote kinatoka kwa mbele kikiwa kizima, unakitengeneza mezani. Hafshafti zake zina meno 30, na uwiano wa 4.10, 4.30, 4.56 na 4.88 ulitoka kiwandani. Chasisi yake ni ya reli kamili, kwa hiyo ukikata kitanda cha nyuma gari halijikunji.

Usiguse reli. Lenga tairi la 275/60R15 juu ya rimu yenye upana wa inchi 8, kipenyo cha tairi sm 71. Sogeza mabeseni ya kitandani hadi yafike kwenye reli, kisha fupisha ekseli kwa utaratibu uleule wa swali la kwanza. Springi za majani zikibaki chini ya reli, tairi litazigusa. Zihamishie ndani ya reli kwa mabano mapya. Injini ya kawaida ya silinda nne haitaivunja difu hiyo. Ukiweka turbo, ndipo ufikirie hafshafti ngumu zaidi. Kabla ya kukata chochote, nenda kwa wakaguzi wa magari ukiwa na mchoro wa unachotaka kufanya. Ni rahisi kubadili mchoro kuliko kubadili ekseli.

SWALI: Upepo kiasi gani kwenye matairi mapana, na mvua je? (Msomaji, Houston)

JIBU: Anza na psi 20 kwa gari la tani moja na nusu, kisha pima kwa chaki. Chora mstari mnene kukatiza tairi lote, endesha mita 50 mbele bila kona, shuka utazame. Katikati pakifutika na kingo zikabaki, punguza psi 2. Kingo zikifutika kwanza, ongeza. Rudia hadi chaki ifutike sawa.

Kwenye mvua tairi pana lenye mifereji mifupi huelea juu ya maji mapema, maana uzito wa gari umetandazwa juu ya eneo kubwa na maji hayana pa kutokea. Barabara ikiwa na maji yaliyosimama, kilomita 60 kwa saa ni nyingi. Soma pia tarakimu nne za mwisho za namba ya DOT ubavuni: mbili za kwanza ni wiki, mbili za mwisho mwaka. Tairi la magari haya huzeeka likiwa bado na kashata nzuri.

SWALI: Nifunge kizimba cha mabomba ndani hata kama siendi mashindanoni? Na laini-loki naweza kuitumia kama breki ya mkono? (Msomaji, Columbus)

JIBU: Kwa muda mrefu kanuni za NHRA zimetaka nusu kizimba kwa gari linalomaliza robo maili kwa sekunde 11.49 au chini, na kizimba kamili kuanzia 9.99. Bomba la chuma cha kawaida ni inchi 1.75 kwa unene wa inchi 0.118. Barabarani huvai helmeti, na kichwa kitupu kikigonga bomba katika ajali ndogo kinapasuka. Kama hushindani, usiweke bomba karibu na kichwa. Kama unashindana, weka sponji ngumu ya mashindano kila mahali kichwa kinapoweza kufika, na mikanda ya kiti iliyofungwa kwenye kizimba chenyewe.

Laini-loki hapana. Ni vali ya umeme inayozuia mafuta ya breki za mbele yasirudi, ili uyapashe matairi ya nyuma moto. Mafuta huvuja ndani yake taratibu, koili hupata joto, na betri ikiishiwa vali hufunguka. Gari lililoegeshwa kwenye mteremko kwa laini-loki litaondoka lenyewe. Fungia breki ya mkono ya waya kwenye diski za nyuma. Kaliper zenye mkono wake wa waya zipo na zinaingia kwenye ekseli ya inchi 9.